Fungua Tumbo Kwanza: Duka la Simu za Kale Karibu na Place de la Poste, Lubumbashi

Kwenye rafu ya juu kabisa ya duka hili kuna simu ya shaba ya manjano inayong'aa kama sufuria mpya, na mbele yake kimebandikwa kikaratasi kilichoandikwa kwa kalamu: "Nakala. Dola 45." Naanza na kikaratasi hicho kwa sababu, katika miaka kumi na moja ya kukusanya simu za zamani hapa mjini na ng'ambo ya Kasumbalesa, mpakani na Zambia, sijawahi kuingia katika duka jingine ambalo mwenye mali amekubali kuandika kwa mkono wake kwamba kitu anachokiuza hakina umri kinaouonyesha. Mwaka mmoja nililipa dola 130 kwa simu ya namna hiyohiyo, kwa muuzaji mwingine nisiyemtaja, naye aliniapia kwamba ilitoka katika nyumba ya mkurugenzi wa Kibelgiji. Nilipoifungua nyumbani nilikuta kibao cha saketi cha kijani, chenye kidude kidogo cha plastiki cha kutoa mlio. Tangu siku hiyo sinunui simu ambayo sijaliona tumbo lake.

Duka lenyewe ni chumba kimoja kirefu chenye dirisha moja, mwendo mfupi kwa miguu kutoka Place de la Poste, na halina kibao mlangoni. Mwenye duka ni mzee aliyefanya kazi ya ufundi wa simu hadi alipostaafu. Kila anayeingia humwita Papa, nami nimefanya vivyo hivyo. Anauza pia pasi za mkaa, taipureta, redio za valvu na saa za ukutani, lakini hizo sitazigusa hapa. Nilikwenda kwa ajili ya simu, na katika Jumamosi mbili nilizokaa humo nilihesabu simu 23. Kwa uamuzi wangu, tisa ni za asili kwa kila kiungo, nne zimeunganishwa kutoka miili tofauti, na kumi zilizobaki ni nakala za kisasa. Papa alikubaliana nami papo hapo kwa zote isipokuwa moja, ambayo nitaieleza.

Mgeni anaweza kushangaa kwa nini mji wa migodi uwe na simu nyingi za kale kiasi hicho. Elisabethville, kama Lubumbashi ilivyoitwa, ilianzishwa mwaka 1910, mwaka uleule reli kutoka kusini ilipoufikia, na tanuru la kuyeyushia shaba likaanza kazi mwaka 1911. Kampuni ya migodi ya Union Minière du Haut-Katanga, iliyoundwa mwaka 1906, ilihitaji kuunganisha migodi, karakana, ofisi na nyumba za wakubwa wake, na reli nayo haikuweza kuendesha treni bila kituo kimoja kuzungumza na kingine. Ubelgiji, iliyoitawala Kongo wakati huo, ilikuwa na kiwanda chake kikubwa cha simu, Bell Telephone Manufacturing Company, kilichofunguliwa Antwerp mwaka 1882, na baadaye katika mji huohuo kikatokea kingine kilichojulikana kwa jina la ATEA. Mkusanyaji wa hapa kwetu anapaswa kuyajua majina hayo mawili kabla ya kujifunza yale ya Marekani, kwa kuwa ndiyo atakayoyakuta yamegongwa chini ya simu zilizotoka katika maghala ya zamani. Waya za ardhini zilipokufa na watu wakahamia simu za mkononi, vifaa hivyo vilibaki ofisini kama mizigo isiyo na mwenyewe. Vingine viliuzwa kwa bei ya chuma chakavu, na vingine vilipasuliwa kwa ajili ya waya wa shaba uliozungushwa ndani ya koili, jambo linalonisikitisha kila ninapoinua simu nzuri na kuona ni nyepesi, tumbo tupu, viungo vyake vimekatwa kwa koleo.

Basi katika duka hili kuna meza ndogo chini ya dirisha, na juu yake Papa ameweka bisibisi za ukubwa mbalimbali, kioo cha kukuzia, taa na sumaku ndogo. Nilipomuuliza kwa heshima kama naweza kufungua simu nyeusi iliyokuwa mbele yangu, alinisogezea kiti na kusema, "Fungua, Mama, uangalie mwenyewe. Mimi naweza kusema uongo, skurubu haziwezi." Hiyo ndiyo huduma ninayoisifu zaidi katika tathmini hii yote. Wauzaji wengi hukuambia kwamba ukifungua utaharibu thamani, kumbe simu hizi zilitengenezwa ili zifunguliwe na mafundi mara nyingi katika maisha yake.

Simu hiyo nyeusi ilikuwa ya Kiingereza, aina ya 332, ambayo Posta ya Uingereza, iliyokuwa ikiendesha simu za nchi hiyo, ilianza kuitoa mwaka 1937, na ambayo Papa alisema ilivuka mpaka kutoka Zambia. Nitakaa kwayo kidogo, kwa sababu ni aina inayoigwa sana na pia ni shule nzuri kwa anayeanza. Jambo la kwanza ni uzito: simu ya asili ya aina hii ina zaidi ya kilo mbili, na uzito wake umesambaa, kwa kuwa ndani mna kengele mbili za chuma, sumaku-umeme ya kuzipiga, koili, kondensa na gurudumu zima la namba lenye mashine yake. Nakala mara nyingi ni nyepesi, na pale mtengenezaji alipotaka kukudanganya aliweka bamba la chuma chini ili mkono wako uridhike. Ukiigeuza, utahisi uzito wote umelala upande mmoja. Jambo la pili ni bakelaiti. Maada hiyo ilibuniwa na Leo Baekeland, mzaliwa wa Ghent nchini Ubelgiji, aliyeomba hataza yake mwaka 1907, na ina tabia ambazo plastiki ya leo haina. Ukiigonga kwa kucha inatoa sauti nzito, fupi, kama kigae kinene. Ukiisugua kwa kidole gumba hadi ipate joto, kisha ukanusa haraka, utapata harufu kali inayofanana na dawa ya hospitali. Mahali ilipomeguka utaona ukingo wenye chembechembe, kwa kuwa ilichanganywa na unga wa mbao ili isivunjike kirahisi. Plastiki ya nakala hulia sauti nyembamba, ikisuguliwa haina harufu hiyo, na ikivunjika ukingo wake ni laini au umepinda. Kuna watu wanaoshauri kuchoma sehemu iliyofichika kwa sindano ya moto. Mimi nakataa kabisa kipimo hicho, kwani kinaacha jeraha katika kitu ambacho huenda ni halisi, na vidole na pua vinatosha.

Baada ya hapo nilizungusha namba. Hapa ndipo nakala nyingi zinapojitoa zenyewe. Gurudumu la asili lina spring'i na kifaa kidogo kinachodhibiti mwendo wa kurudi, ili lipeleke mapigo kumi kwa sekunde moja. Ukizungusha sifuri hadi mwisho na kuachia, linapaswa kurudi kwa muda wa takriban sekunde moja, kwa mwendo uleule tangu mwanzo hadi mwisho, likitoa sauti ya kukwaruza iliyo sawa. Gurudumu likijifyatua ghafla, au likirudi kwa uvivu na kusimama njiani, ama limechoka na linahitaji mafuta na fundi, ama halikuwahi kuwa na kifaa hicho. Nakala za bei ya chini hazina hata gurudumu: matundu yamepangwa kwa duara, lakini ndani ya kila tundu kuna kitufe cha kubonyeza. Mara nyingi utakuta pia alama za nyota na reli, zile tulizozizoea kwenye simu za mkononi. Alama hizo ziliingia kwenye simu za vitufe za Marekani mwaka 1968. Simu inayodai kuwa ya miaka ya 1920 huku ikiwa na nyota na reli haihitaji kioo cha kukuzia. Vilevile soma herufi. Kwenye gurudumu la Kiingereza na la Kifaransa, herufi O iko pamoja na sifuri. Kwenye la Kimarekani iko pamoja na sita, baada ya M na N. Nilikuta katika duka hili simu yenye bamba lililoandikwa "London" na herufi zilizopangwa Kimarekani. Kikaratasi chake kilisema nakala, kwa hiyo sina malalamiko.

Ndani ya ile 332 kulikuwa na tarehe. Posta ya Uingereza na viwanda vilivyoifanyia kazi viligonga mihuri midogo kwenye viungo, yenye alama ya kiwanda na tarakimu mbili za mwaka, na mkono wa simu ya aina hiyo hubeba namba 164. Hii ya Papa ilikuwa na 51 kwenye kengele na 56 kwenye mkono. Mkusanyaji mgeni angeipiga chini kwa sababu ya tofauti hiyo, lakini angekosea. Simu hizo hazikuwa mali ya mteja; zilikuwa za Posta, zikirudi karakana, zikifunguliwa, zikibadilishwa viungo na kupelekwa kwa mteja mwingine. Tofauti ya miaka michache kati ya kiungo na kiungo ni historia ya kazi yake. Kinachonitia shaka ni tarehe zinazopishana kwa miongo miwili, au simu ambayo haina tarehe yoyote popote, wala muhuri wa mkaguzi, wala vumbi la kijivu lililoshikana kwenye mafuta ya zamani. Skurubu pia zinasema. Za asili katika simu za kabla ya vita ni za mfuo mmoja ulionyooka. Zile za msalaba zilianza kuenea viwandani kuanzia nusu ya pili ya miaka ya 1930. Skurubu moja ya msalaba huenda ni fundi aliyepoteza ya zamani. Zikiwa zote za msalaba, na zote ziking'aa sawasawa, usiendelee kuhesabu.

Sasa nieleze ile moja tuliyobishania. Ilikuwa 332 nyekundu, iliyowekwa peke yake kwenye kitambaa, na Papa aliiomba dola 260, mara mbili na nusu ya bei ya nyeusi. Simu hizo zilitolewa kwa rangi nne: nyeusi, rangi ya pembe, nyekundu na kijani, na za rangi ni adimu, hasa nyekundu na kijani, ndiyo sababu bei zake ni kubwa na ndiyo sababu pia watu huzipaka rangi nyeusi za kawaida. Bakelaiti ya kawaida kwa asili yake ni ya giza, nyeusi au kahawia, hivyo simu za rangi zilitengenezwa kwa maada nyingine ambayo rangi yake imeingia hadi ndani. Kwa hiyo kipimo ni chepesi: fungua kifuniko cha kusikilizia, tazama kwenye mizunguko ya skurubu yake, kisha geuza ganda la simu na utazame upande wa ndani. Tulifungua pamoja. Kwenye mizunguko, mahali ambapo rangi ilikuwa imesagika kwa kufungwa na kufunguliwa, palikuwa peusi. Ndani ya ganda palikuwa peusi vilevile, na matone mawili ya rangi yalikuwa yamekauka karibu na tundu la waya. Papa alinyamaza kwa muda, akavaa miwani, akatazama tena. Alisema aliinunua ikiwa hivyo kwa mtu aliyemwamini na hakuwahi kuigeuza kwa sababu rangi yake ilimpendeza. Kisha akachukua kikaratasi kipya, akaandika "Nyeusi ya asili, imepakwa rangi," na kushusha bei hadi dola 90. Nimeona wauzaji wakikasirika kwa mambo madogo kuliko hayo.

Simu za nguzo, zile za kusimama ambazo unazungumza kwenye kikombe cha juu huku umeshika kisikilizio sikioni kwa mkono wa pili, zilikuwa tano dukani, na zote isipokuwa moja ni nakala. Aina hii ndiyo inayopendwa zaidi na watengenezaji wa nakala, kwa kuwa kila mtu ameiona kwenye filamu. Wengi wa watengenezaji hao wako India, ambako kazi ya shaba ya manjano ina mafundi wengi na bei nafuu, nami siidharau kazi yao; nakala nzuri ni pambo zuri, mradi iitwe jina lake. Alama inayotofautisha ambayo watu wachache huifikiria ni mahali kengele ilipo. Simu ya nguzo ya asili haina kengele ndani yake. Kengele, koili na kondensa vilikaa kwenye sanduku la pekee lililofungwa ukutani au chini ya meza, na waya ndio ulioviunganisha na nguzo. Nakala, kwa kuwa inauzwa kama kitu kimoja, hulazimika kumeza kila kitu, ndiyo maana kitako chake ni kinene na kirefu kuliko inavyostahili, mithili ya mtu aliyevaa viatu vya kaka yake. Mtu akikuuzia nguzo inayolia yenyewe, muulize kengele iko wapi.

Mng'ao nao unahitaji tahadhari. Nguzo nyingi za Uingereza zilikuwa za shaba ya manjano chini, lakini juu zilipakwa rangi nyeusi, na baadaye ndipo wauzaji wa mapambo walipoikwangua rangi hiyo ili zing'ae. Hivyo nguzo inayong'aa yote ama ni nakala, ama ni ya asili iliyovuliwa nguo yake. Sisi wa Katanga, ambao mkoa wetu uliitwa Shaba tangu 1971 hadi 1997, tunapaswa kuwa na jicho zuri kwa madini haya: shaba ya manjano ni mchanganyiko wa shaba na zinki, na inapozeeka kwa kushikwa na mikono haizeeki sawasawa. Inalainika pale vidole vinapofika kila siku, kwenye shingo na kwenye ndoano ya kisikilizio, na inakuwa nyeusi kwenye mikunjo ambako hakuna kidole kinachoingia. Nakala iliyozeeshwa kwa dawa ina kahawia iliyo sawa mahali pote, hata chini ya kitako. Tazama pia maandishi. Kwenye ya asili yamegongwa au kuchongwa, na kingo zake ni kali. Kwenye nakala iliyomiminwa katika kalibu iliyochukuliwa kutoka simu halisi, herufi zimevimba na kulegea, na mwili wote ni mdogo kidogo kuliko wa asili, kwani madini husinyaa yanapopoa. Mwaka uliogongwa kwenye simu za Kimarekani mara nyingi ni mwaka wa hataza, wala hauonyeshi siku simu ilipotoka kiwandani. Kinachoweza kuaminika ni kwamba simu haikutengenezwa kabla ya tarehe ya mwisho inayosomeka.

Ya Ericsson, ile ya mwaka 1892 yenye miguu minne iliyopinda ambayo wengi huifananisha na mnara wa Eiffel, ilikuwapo moja, na ni nakala. Niliitambua kwa sindano tu. Miguu ya ile ya asili si pambo: ndiyo sumaku za magneto yenyewe, mashine ndogo ya kuzalisha umeme wa kupiga kengele, kwa hiyo sindano ya kushonea hushikwa nayo bila msaada wowote. Miguu ya hii ya Papa ilikuwa ya shaba ya manjano, na sindano ilianguka mezani. Bei yake ya dola 70 naiona kubwa kidogo kwa pambo, hata kama limetengenezwa kwa uangalifu.

Kuhusu simu za plastiki zenye umbo la zamani, zenye plagi ndogo ya uwazi ya kisasa na kitufe cha kurudia namba, sina la kuongeza. Ziko tatu, karibu na mlango, na zimeandikwa zilivyo.

Sehemu iliyonifanya nirudi Jumamosi ya pili ni simu za ukutani za magneto. Ziko mbili, za mbao, zenye kengele mbili juu na manivela, yaani mpini wa kuzungusha, upande wa kulia, na Papa anasema zilifanya kazi katika vituo vya reli. Simu za namna hii hazikutegemea umeme wa kituo kikuu ili kusikika. Kila moja ilikuwa na betri zake ndani ya sanduku, na ukitaka kumwita mtu wa upande wa pili ulizungusha manivela, nayo ikazungusha koili kati ya sumaku nzito zenye umbo la kiatu cha farasi na kutuma umeme wa kupiga kengele yake. Nakala za ukutani zina manivela pia, lakini inazunguka bure, au imeshikizwa kwa skurubu mbili kwenye mbao iliyobandikwa ganda jembamba la mti mzuri, na nimewahi kuona moja ambayo ndani yake mlikuwa na redio. Kipimo changu ni kuunganisha vituo viwili vya waya kwa kipande kifupi cha waya, kisha kuzungusha. Magneto iliyo hai itakuwa nzito ghafla mkononi, kama pampu ya maji iliyoshika. Ukiondoa waya, inakuwa nyepesi tena. Usithubutu kuweka vidole vyako badala ya waya, kwani umeme wake unauma kwelikweli, na watoto wasiachwe karibu.

Zote mbili zilipita kipimo hicho. Hapo Papa akafanya jambo ambalo sikulitegemea. Alimwita kijana anayemsaidia, akampa simu moja aipeleke uani, akatandaza waya mbili kupitia dirishani, akatia betri kavu mbili za volti moja na nusu katika kila sanduku, akaniambia nizungushe. Kengele ya uani ililia. Sauti yake haifanani na mlio wowote wa simu za leo. Ni chuma kinachopigwa na chuma, na inabaki hewani baada ya mkono kusimama. Nilipoinua kisikilizio nilimsikia kijana akisema "Alo, Mama," lakini kwa mbali sana, kana kwamba anazungumza ndani ya gunia. Papa aligonga kwa upole kikombe cha kuzungumzia cha upande wangu na kumwagiza kijana afanye vivyo hivyo. Ndani ya vikombe hivyo mna punje za kaboni, ambazo hushikana zinapokaa bila kutumika. Zikitikiswa kidogo zinaachana na sauti inarudi. Ndivyo ilivyokuwa: baada ya kugonga, sauti ilikuja wazi. Kipimo hiki pia kinafaa kwa mikono ya simu za mezani, kwa kuwa ukiitikisa karibu na sikio utasikia punje hizo zikitembea kama mchanga ndani ya kijaluba, ilhali nakala ina maikrofoni ndogo ya kisasa isiyosema kitu.

Nina malalamiko matatu, na nilimweleza Papa yote kabla ya kuyaandika. La kwanza linahusu zile simu nne za kuunganishwa. Mbili kati yake hazina kikaratasi kinachosema hivyo. Moja ni mwili wa Bell ya Antwerp wenye mkono wa simu ya Kijerumani, na mnunuzi asiyejua ataiona nzuri na kuilipia bei ya simu kamili. La pili ni usafishaji. Kijana husugua kila kitu cha shaba kwa ndimu na majivu mpaka king'ae, na kwa simu za asili hilo ni hasara isiyorudishika, kwa sababu anaondoa weusi wa miaka ambao ndio ushahidi wake, pamoja na mabaki ya rangi ya kiwandani. Kitambaa kikavu na brashi laini vinatosha, na bakelaiti isioshwe kwa maji ya moto wala kuachwa juani, maana inapoteza mng'ao na kugeuka kahawia isiyo na uhai. La tatu ni kamba. Simu za asili za kabla ya miaka ya 1950 zilikuwa na kamba zilizosukwa kwa uzi, na Papa huzibadilisha zilizochakaa kwa kamba mpya za plastiki zilizojikunja bila kumpa mnunuzi ile ya zamani. Ombi langu lilikuwa kwamba kila kamba iliyotolewa ifungwe katika mfuko na iende pamoja na simu yake. Alikubali, na siku ileile alitoa boksi lenye kamba zaidi ya thelathini kutoka chini ya meza ili tuzitambue zilikotoka. Tulifanikiwa kwa sita tu.

Kuhusu bei, ya asili za mezani zinaanzia dola 80 na za ukutani dola 180, ambazo ni bei za haki kwa vitu vinavyofanya kazi na vinavyouzwa na mtu anayeruhusu vifunguliwe. Malipo yanapokelewa kwa dola au kwa franga. Risiti inaandikwa kwa mkono, na nilimwomba aandike maneno "ya asili" au "nakala" pamoja na mihuri iliyosomeka ndani. Aliandika bila kusita, akatia sahihi. Anayenunua simu ya zaidi ya dola 50 mahali popote adai karatasi ya namna hiyo.

Mimi nilinunua ile 332 nyeusi ya mwaka 51 na 56, pamoja na simu moja ya ukutani. Ya pili, ile iliyopelekwa uani, nimeilipia nusu. Papa ameiweka nyuma ya pazia hadi mwisho wa mwezi, na amemkataza kijana kuigusa kwa ndimu.